Mke wa Gaidi Namba Mbili

Wiki mbili zilizopita niliingiziwa ujumbe wa WhatsApp kutoka Nairobi. "Tunatafuta msichana Msomali, miaka 20 hadi 25, avae nikabu, ajue kulia. Siku moja ya kurekodi. Nauli juu yetu. Jibu kabla ya Alhamisi." Chini yake wameandika mhusika: Mke wa Gaidi 2.

Nikausoma mara tatu. Si eti ulikuwa mgumu, nilikuwa natafuta jina la huyo mwanamke. Nilidhani labda limejificha mahali. Halikuwepo. Kuna gaidi, kuna wake zake wawili, na mimi ndiye wa pili. Ata kwa utiifu wa kuigiza sikupata nafasi ya kwanza.

Wacha niwaambie ukweli kabla hamjaanza kunipongeza kwenye komenti. Zile pesa nilizitaka. Siku moja pale ingenilipa kuliko mwezi mzima wa kutengenezea maduka ya Suuq Mugdi video za TikTok, na mnajua vile wenye maduka hulipa: "Rudi kesho, walaal." Hooyo anauza madira pale pale sokoni. Ndugu yangu mdogo yuko sekondari na karo ya muhula huu ilikuwa bado. Kwa hivyo msinione shujaa. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka adhana ya Alasiri.

Kilichonizuia ni kitabu. Kitabu cha shule, tena, kile ambacho wengi wenu mlikichoma au mkakiuzia mwenye njugu mara tu baada ya KCSE.

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha tatu hapa Garissa, na tamthilia ya Kiswahili ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea. Darasa letu lilikuwa na wasichana karibu hamsini na vitabu kama kumi na mbili hivi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa kule upande wa Mwingi, alikuwa na suluhisho moja: kama hatuwezi kusoma sote tukiwa tumekaa, basi tusimame tuigize. Wenye vitabu wasome, wasio na vitabu watazame. Kesho mnabadilishana.

Mimi nilianza kama Ashua, mke wa Sudi, yule aliyesoma chuo kikuu halafu akaishia kuuza maembe, na akaenda kwa Majoka kuomba msaada akaishia seli. Nilifungua mdomo nikasoma kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Mwalimu akanisimamisha. Hakunikemea. Akaniuliza, "Huyu ametoka wapi kabla hajaingia hapa? Anataka nini? Anamwogopa nani?"

Nikamwambia, "Mwalimu, haijaandikwa."

Akasema, "Imeandikwa. Soma tena."

Na kweli ilikuwa imeandikwa. Haikukaa mahali pamoja, ilikuwa imesambaa. Neno hapa, jibu la mkato pale, kitu Sudi alisema kurasa kumi kabla. Watoto wana njaa. Soko la Chapakazi limefungwa. Mwanamke ana digrii na hana unga. Ukishajua hayo, huwezi tena kusoma lile ombi lake kwa sauti ya kusoma bidhaa, koo lenyewe linakukataza. Baadaye nikapewa Tunu, yule anayeumizwa mguu na wahuni wa Majoka na bado anarudi kwenye mapambano akitembelea mkongojo. Nilitembea na fimbo ya ufagio darasani wiki nzima. Wasichana walinicheka mpaka siku moja wakaacha kucheka, na hiyo ndiyo siku nilijua nataka kufanya kazi hii.

Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa hapa kaunti yetu, na Al-Shabaab. Baada ya hapo walimu wasio wenyeji wakahamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Wetu alikuwa mmoja wao. Siku ya mwisho hakuhutubu, alikuwa na haraka na gari lilikuwa linangoja. Aliniachia nakala yake ya Kigogo, ile iliyojaa maandishi ya penseli pembeni. Karibu kila ukurasa ameandika vile vifupi vyake: "Katoka wapi?" "Ataka nini?" Miezi miwili baadaye korona ikafunga shule zote, na sisi kidato cha nne tukabaki na tamthilia tuliyoifikisha katikati.

Sasa elewa nilivyosikia nilipousoma ule ujumbe. Magaidi walininyang'anya mwalimu. Na sasa mtu ananiita Nairobi nikamlilie gaidi kwenye kamera, bila kuniambia huyo mwanamke ametoka wapi, anataka nini, anamwogopa nani.

Wengi mkisikia "Msomali kwenye filamu" mnamkumbuka Barkhad Abdi, na mnakumbuka ile sentensi yake moja iliyogeuka memi. Sawa, tumecheka. Lakini hebu tumwangalie vizuri, kwa sababu hadithi yake inaeleza jambo langu kuliko ninavyoweza kulieleza mimi.

Alizaliwa Mogadishu mwaka 1985. Vita vilipoanza familia ikakimbilia Yemen, na 1999 wakahamia Minneapolis, Marekani. Hakusomea uigizaji. Alikuwa dereva. Tangazo la odisheni likapita kwenye TV, akaenda kama wenzake, na inasemekana walijitokeza watu zaidi ya 700. Wakachaguliwa wanne. Filamu ikawa Captain Phillips, 2013, na Tom Hanks ndani yake. Mwaka uliofuata Barkhad akashinda BAFTA na akateuliwa kuwania Oscar. Kazi yake ya kwanza hiyo, jamani. Mengine ambayo hayawekwi kwenye memi: iliripotiwa kwamba alilipwa dola 65,000, kwenye filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200, na baada ya kurekodi alirudi Minneapolis akafanya kazi kwenye duka la simu la ndugu yake.

Filamu ile ilitoka kwenye kitabu. Meli ya Maersk Alabama ilitekwa Aprili 2009 ikiwa njiani kuja Mombasa, hapa kwetu, na ndani yake kulikuwa na chakula cha msaada. Kapteni Richard Phillips akaandika kumbukumbu zake, zikatoka 2010. Simlaumu kwa jinsi alivyoandika. Mtu aliyefungiwa kwenye boti ndogo na watu wenye bunduki ataandika alichokiona: bunduki, jasho, joto, hofu yake mwenyewe. Hawezi kujua Muse alilelewa na nani. Sasa mwigizaji anayepewa mhusika kutoka kitabu cha namna hiyo anapewa mtu aliyetazamwa na adui yake tu. Kila kitu kingine Barkhad alikitoa mfukoni mwake. Ile njaa usoni, ule uchovu, vile anavyotabasamu akijua mambo yameharibika. Ndiyo maana alistahili tuzo, na ndiyo maana mimi huikasirikia ile filamu na kuirudia.

Miaka minne baadaye, 2017, yupo kwenye The Pirates of Somalia. Pwani ni ile ile, mada ni ile ile. Lakini filamu hii imetoka kwenye kitabu kingine, cha mwandishi wa habari Mkanada, Jay Bahadur, ambaye alienda Puntland akakaa na watu akawasikiliza. Barkhad humo ni mkalimani. Ni mtu anayejua lugha mbili, anayejua ni nani wa kusalimiwa kwanza, anayejua mgeni wake atauawa wapi akikosea. Uso ni ule ule, lafudhi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani alishika kalamu na alikuwa amekaa upande gani. Siwadanganyi kwamba filamu ya pili ni bora. Ya kwanza ni bora zaidi kwa mbali, ata sibishani. Nasema tu ukitaka kujua mwigizaji ataonekana mtu wa aina gani, usianze na dairekta, anza na kitabu. (Katikati ya hizo mbili alicheza Eye in the Sky, jasusi wa upande wa Kenya ndani ya Isili. Isili yenyewe waliitengenezea Afrika Kusini. Hiyo nayo ni siku nyingine.)

Najua mtaniambia, "Lakini Lupita je?" Haya, twende kwa Lupita.

Lupita Nyong'o alicheza Juliet wa Shakespeare pale Phoenix Players, Nairobi, akiwa na miaka 14. Baadaye akasomea uigizaji Yale, akamaliza 2012. Filamu iliyompa Oscar mwaka 2014, 12 Years a Slave, imetoka kwenye kitabu cha 1853 cha Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa nyara akauzwa utumwani miaka kumi na miwili. Northup alikuwa mle ndani. Alimjua Patsey. Ameandika kwamba ratili 500 za pamba kwa siku hazikuwa jambo la ajabu kwake. Ratili 500! Mtu akikupa nambari kama hiyo, mwili wako wa mwigizaji unajua pa kuanzia: mgongo, vidole, usingizi. Mwandishi aliyekuwa upande wa Patsey alimwachia Lupita mtu kamili, miaka 160 kabla.

Mpaka hapa nilikuwa najisikia nina hoja safi. Nikaanza kuandika jibu la WhatsApp lenye hasira, "mhusika bila jina si mhusika," na nini na nini. Halafu nikakumbuka Eclipsed, na hoja yangu ikavunjika.

Eclipsed ni tamthilia ya Danai Gurira, Mzimbabwe-Mmarekani, yule mnayemjua kama Okoye wa Black Panther. Inahusu wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi kwenye vita vya Liberia. Wanaitana kwa nambari. Namba Moja, Namba Tatu. Na msichana mdogo anayeletwa pale karibuni, mhusika mkuu, kwenye skripti anaitwa tu Msichana. Hana jina! Lupita aliijua ile tamthilia tangu akiwa mwanafunzi Yale. Baada ya Oscar, wakati kila mtu anamtaka kwenye filamu kubwa kubwa, akaenda kuicheza jukwaani New York, na 2016 ikaingia Broadway. Akiwa na sanamu ya dhahabu nyumbani, alichagua kuwa mke wa nambari wa mtu mwenye bunduki.

Si ndiyo kazi ile ile niliyopewa mimi?

Nililala na hilo swali usiku mzima, na joto la Garissa halikunisaidia. Asubuhi nikaona tofauti. Kwa Gurira, nambari ndiyo hadithi yenyewe. Wale wanawake wamenyang'anywa majina, na tamthilia nzima inakuonyesha waliyanyang'anywa vipi, na inagharimu nini kuyarudisha mdomoni. Kwenye ujumbe wangu, jina halikunyang'anywa na mtu. Hakuna aliyejisumbua kulifikiria.

Kwa hivyo nikauliza. Nikaandika kwa adabu, "Naomba skripti nisome kwanza."

Jibu: "Skripti ya nini? Una sentensi moja tu, siz."

Nikauliza, "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyu mke."

Vile vinukta vya kuandika vikatokea, vikapotea, vikatokea tena. "Mpe jina lolote. Halitatajwa."

Kuna watu watasema sisi wa huku tunalialia sana, kwamba tunataka malaika tupu kwenye filamu. Hapana. Gaidi yupo. Nimewaambia kuhusu mwalimu wangu. Garissa nzima bado inahesabu wale 148 wa chuo kikuu, tarehe 2 Aprili 2015. Kama kuna watu wanaohitaji filamu nzuri kuhusu magaidi na wake zao, ni sisi. Yule mke namba mbili ningependa sana kumcheza. Alizaliwa wapi? Aliolewa na miaka mingapi? Anajua? Alijua lini? Kama alimpikia chai asubuhi ile, alimwekea sukari? Nipe hayo nitakulilia mpaka kamera ilowe.

Na inawezekana. Tazameni Watu Wote, filamu fupi ya 2017 kuhusu basi la Mandera lililovamiwa karibu na El Wak mnamo Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Iliteuliwa kuwania Oscar. Dairekta ni Mjerumani, mwanafunzi wakati ule, kwa hivyo msiniambie ni lazima mtu awe mwenyeji. Ni dakika ishirini na kitu tu. Lakini ndani yake kuna mwalimu, Salah Farah, mtu wa kweli aliyepigwa risasi siku ile na kufariki Januari iliyofuata, na kuna mama Mkristo mwenye hasira zake na sababu zake. Kila mmoja ametoka mahali.

Ile Jumatano jioni nilimweleza ayeeyo. Ayeeyo wangu hajui kusoma, na sinema kwake ni kelele za watoto. Nilidhani ataniambia tu niache mambo ya aibu. Badala yake akaanza kunisimulia michezo ya riwaayad aliyokuwa akiisikiliza kwenye Redio Mogadishu alipokuwa msichana, wakati watu walizunguka redio moja boma zima. Michezo ile ilijaa mashairi. Mnajua Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu? Kabla ya hapo mtunzi alikuwa anawasomea waigizaji mistari kwa mdomo, wanaishika kichwani, saa nzima na zaidi ya mashairi. Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, mchezo maarufu wa 1966 kuhusu mwanamume anayewahadaa wanawake kwa ndoa za uongo, uliingia kitabuni baadaye tu, 1974, ukiwa na tafsiri ya Kiingereza pembeni. Ayeeyo aliukumbuka. Ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi, na akatoa vipande viwili vya yule msichana aliyehadaiwa, na sauti yake ikabadilika. Ikawa sauti ya msichana wa miaka kumi na nane. Hooyo akaacha kugeuza anjera akatoka jikoni kutazama.

Halafu ayeeyo akaniuliza kuhusu kazi yangu: "Huyo mke, mume wake akitoka usiku, yeye hubaki na nani?"

Nikamwambia sijui.

"Hawakukuambia?"

"Hawakuniambia."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mbuzi mwenye miguu mitatu sokoni. Mwanamke asiyejua kusoma, na swali lake ni lile lile la penseli pembeni mwa Kigogo yangu.

Alhamisi nilijibu hapana. Niliandika ukurasa mmoja kuhusu huyo mwanamke vile ninavyomwona, nikampa jina, nikawatumia, nikasema nikiruhusiwa kumcheza huyu nakuja kesho kwa basi la alfajiri, nauli yangu mwenyewe. Tiki mbili za buluu. Kimya. Nimesikia msichana mwingine wa Isili aliichukua, na wallahi simlaumu, huenda naye ana ndugu wa karo. Karo ya kwetu imelipwa nusu. Hooyo hakusema kitu, ila siku ile hakuniita jina langu la utani, na hilo nililisikia.

Sasa hivi tunafanya hivi. Kila Jumamosi baada ya Alasiri, nyuma ya saiba moja karibu na stendi, pale kwenye kivuli, tunakutana watu tisa. Wengine wanatengeneza komedi za YouTube, mmoja ni dereva wa bajaji, wawili wako chuo. Vikundi vya kuigiza vitabu vya shule ambavyo vimewakuza waigizaji wengi wa TV mnaowaona Nairobi havikuwahi kufika shuleni kwetu, kwa hivyo tunajifanyia wenyewe, tumechelewa miaka kadhaa. Tulianza na Kigogo, nakala moja, ile ya penseli, na kurasa nyingine tumezipiga picha kwenye simu. Jumamosi iliyopita tulimpa Tunu msichana mmoja wa kidato cha nne aliyekuja kwa mara ya kwanza. Akasimama, akaangalia simu, akavuta pumzi, halafu hakusoma. Akatugeukia.

"Ngojeni," akasema. "Huyu kabla ya hapa alikuwa wapi?"

Dereva wa bajaji akamsogezea kiti akae kwanza, tukarudi ukurasa wa kwanza.